Je, Wajua? Skuta ya Bibi Ndani ya Noah

Kiti mwendo kinachokunjwa kilibuniwa kwa sababu ya gari. Herbert Everest, mhandisi wa migodi nchini Marekani, aliumia uti wa mgongo katika ajali ya mgodini mwaka 1918. Viti vya magurudumu vya enzi hizo vilikuwa vizito na havikukunjika, hivyo mwenye kiti aliishia pale msukumaji alipochoka. Everest na rafiki yake Harry Jennings, naye mhandisi, walifunga vyuma viwili chini ya kikalio vipishane kwa umbo la X, na mwaka 1933 wakapata kiti kinachokunjwa kikaingia garini. Viti vingi vya hospitalini bado vina X hiyo.

Skuta ya umeme ya kukalia, ile yenye usukani, kikapu kwa mbele na magurudumu matatu au manne, ilikuja baadaye. Mwaka 1968, huko Michigan, Allan Thieme alimtengenezea mtu wa familia yake aliyekuwa akipoteza nguvu za kutembea, akaiita Amigo. Lakini mzee wa ukoo huu ni wa zamani zaidi: mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi saa Mjerumani aliyepooza miguu, alijiundia kigari cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha mikono. Ukiona mtu akikatiza mjini Dodoma kwa baiskeli ya kupiga kwa mikono, huyo amekalia kitukuu cha kigari cha Farffler.

Skuta zenyewe bado ni za wachache hapa. Lakini familia iliyonayo hukutana na swali lile lile kila likizo ya Desemba, watoto wakishafunga shule na safari ya Kondoa ikishapangwa: chombo kinachombeba bibi, nani atakibeba?

Jibu limo katika uzani. Skuta ndogo za safari huwa na kilo kama 45, ila haziinuliwi zikiwa nzima. Kiti huchomolewa, betri hutolewa na mpini wake, kisha mwili hugawanyika mara mbili: mbele kuna usukani, nyuma kuna mota na ekseli. Kipande kizito kuliko vyote ni hicho cha mota, mara nyingi kilo 12 hadi 18, na kijana mmoja anakimudu. Vipande hivyo huenea hata kwenye buti la IST ukilaza kiti cha nyuma. Skuta kubwa, zenye matairi mapana na springi, hupita kilo 100 na hazifunguki kirahisi. Hizo zinahitaji gari la wazi nyuma, au Noah iliyotolewa viti.

Wengi hapo hukimbilia mbao mbili, wakamwambia bibi apande akiwa juu ya skuta. Hapana. Chukua sakafu ya gari yenye kimo cha sentimita 60 na mbao za mita 2: mteremko wake ni nyuzi 17 na ushee, wakati skuta nyingi zimeundiwa miinuko isiyozidi nyuzi 10 hivi. Uzito wa anayeikalia huhamia nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka, na skuta inapinduka kichalichali na mtu wake. Bila mtu juu hesabu inabadilika. Kila kilo 50 za skuta zikisukumwa kwenye mbao hizo zinadai nguvu kama ya kuinua kilo 15 tu, pamoja na msuguano kidogo. Wajukuu wawili wanatosha.

Sasa ifungwe. Hapa ndipo ninapogombana na mipira ya tyubu, ile tunayofungia kila kitu kuanzia magunia ya mkaa hadi matenga ya kuku. Mpira ni mzuri kwa tenga kwa sababu unavutika, na kwa mota ya kilo 15 haufai kwa sababu hiyo hiyo. Viti mwendo vinavyokusudiwa kukaliwa ndani ya gari hupimwa maabara kwa mgongano wa kilomita 48 kwa saa, ambapo kila kitu huvutwa mbele kwa nguvu kama mara 20 ya uzani wake. Ile mota inakuwa kilo 300 kwa kufumba na kufumbua, na mbele yake ni shingo ya mtoto aliyelala. Tumia mikanda ya turubai yenye kufuli ya kukaza, uifunge kwenye vyuma vya gari, wala si kwenye mpini wa kiti cha plastiki. Na bibi akae kwenye kiti cha gari na mkanda wake. Skuta nyingi hazikuundwa zikaliwe safarini.

Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, sehemu ya ile njia kuu ya kutoka Cape kwenda Cairo, ilizinduliwa ikiwa lami mwaka 2018. Lami imeleta raha, imeleta na matuta. Kila kijiji kina yake, na kila tuta hurusha mzigo uliolegea. Simama baada ya matuta ya mwanzo, kaza mikanda tena.

Adui mwingine ni jua. Betri za risasi zilizozibwa, ambazo bado ndizo zinazoendesha skuta nyingi, hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25, na gari lililofungwa vioo juani hupita kiwango hicho mbali sana. Wakati wa kula, egesha chini ya mti, ufungue vioo kidogo. Kuichaji si gharama: betri mbili za volti 12 zenye saa-ampea 12 hubeba wati-saa 288, yaani kujaza kutoka sufuri hakumalizi nusu uniti ya LUKU. Ila ikiwa skuta imetumwa na ndugu aliyeko Marekani, soma kwanza maandishi ya chaja. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230, na chaja isiyokubali yote mawili itaungua siku ya kwanza.

Halafu kuna Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Skuta inayoenea kwenye IST ina magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi. Kwenye mchanga wa korongo inazama, na njia ya mwisho ya kupanda mwambani haiiwezi kabisa. Skuta inayoumudu mchanga, nayo, haiingii kwenye IST. Hakuna fundi aliyemaliza ugomvi huo. Aliyeukaribia ni Amos Winter, mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT aliyekuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti mwendo vya huku. Hakuweka betri. Kiti chake kina magurudumu matatu, mnyororo wa baiskeli na mikono miwili ya chuma: ukiishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukiishika chini unapata mwendo wa tambarare, na safari ikiisha mikono hiyo huchomolewa. Spea zake ni za baiskeli, za kupatikana hata Kondoa. Kinadai tu mabega yenye nguvu, ambayo bibi wengi hawana.

Mkifika, jambo moja zaidi. Skuta ina breki ya sumaku inayojifunga umeme ukikatika, na ili isukumike kwenye mbao lazima mmeiweka nyutro kwa kile kishikio kidogo karibu na mota. Ikiwa nyutro, breki hiyo haipo. Mji wa Kondoa una miteremko. Kirudishe kishikio, isukume skuta kwa mkono uone kama inagoma, ndipo bibi akae.