Flashi, SMS na M-Pesa: njia moja nyembamba

Wavuvi wa omena wa Muhuru na Mbita hukesha ziwani taa zikiwaka. Alfajiri, mashua ikikaribia nchi kavu, mmoja anamflashi mama anayenunua mzigo wake: simu inaita mara moja, anakata. Mama anabeba mabeseni kuteremka ufuoni. Habari imefika bila senti kutozwa, ingawa kijitabu cha simu hakikutaja matumizi hayo.

Kabla watu wawili hawajasikizana, simu na mnara huulizana: nani anapiga, anamtafuta nani, na huyo yuko chini ya mnara upi? Maswali hayo hupita katika njia nyembamba ya maagizo, mbali na njia ya sauti. Kampuni huanza kuhesabu pesa mwenzako akishapokea, na namba yako imekwisha kumfikia. Wahandisi hawakuficha chochote. Walijenga kinachohitajika ili simu iite, na wasio na salio ndio waliogundua kwamba mlio wenyewe unaweza kusema jambo. Mtafiti Jonathan Donner, aliyeichunguza desturi hii hasa Rwanda, alichapisha mwaka 2007 kanuni ambazo watumiaji walikuwa wamejiwekea: mwenye uwezo ndiye hupiga, na kijana anayetongoza hamflashi msichana.

SMS nayo ilizaliwa katika njia hiyo hiyo ya maagizo. Katikati ya miaka ya 1980, Mjerumani Friedhelm Hillebrand na wenzake walitambua kwamba njia ya maagizo hukaa bure muda mwingi. Nafasi iliyopatikana ilikuwa baiti 140, zinazotosha herufi 160; ndiyo sababu ujumbe ulikuwa mfupi vile. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipokuja Kenya, ilipanda juu ya SMS: menyu ikakaa kwenye laini, na amri za pesa zikasafiri kama ujumbe uliofungwa kwa msimbo.

Hata M-Pesa haikukusudiwa hivi tunavyoijua. Majaribio ya mwaka 2005 yaliwalenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaanza kulipiana madeni, kuhifadhi humo mauzo ya siku hadi asubuhi, na kuwasaidia jamaa wa mbali. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza mradi, wangeweza kuyafunga hayo yote kama matumizi mabaya. Waliyasikiliza, na hilo naliheshimu kuliko teknolojia yenyewe. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando. Tangazo lilihimiza watu kutuma pesa nyumbani.

Baadaye wanauchumi William Jack na Tavneet Suri walizifuatilia kaya za Kenya zilizopatwa na ugonjwa, ukame au kupoteza kazi. Zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi yao kwa takriban asilimia 7. Zilizoitumia hazikupunguza, kwa kuwa msaada wa ndugu ulizifikia.