Tunduma Bila Rangi

Itaje Tunduma mbele ya vijana wa Dar, jibu unalijua: malori, vumbi na wabadilisha kwacha. Mji wa kupita tu. Hata aliyepangiwa kazi huko, iwe benki, forodha au shule, wengi huhesabu miezi wakisubiri uhamisho. Na kama mwenzi kabaki Dar au Mwanza, ndiyo kabisa! Kila simu ni ile ile: "Huku hakuna kitu."

Sisi tunabisha. Kitu kipo, ila vumbi limekificha. Mwezi huu tunakuletea burudani ya wikiendi isiyomaliza mshahara: kupiga picha za mandhari nyeusi na nyeupe, kisha kuzihariri mwenyewe kwenye simu au kompyuta.

Kwa nini uondoe rangi?

Kiangazi, karibu kila kitu Songwe ni kahawia: barabara, nyasi, hata majani. Picha ya rangi inatoka imechoka. Ondoa rangi, jicho linabaki na mwanga, kivuli, umbo na jinsi uso wa kitu ulivyo, laini au wenye mikwaruzo. Lakini usijidanganye: picha mbovu ya rangi ukiiondoa rangi inakuwa picha mbovu nyeusi na nyeupe.

Siri ni kuamua kabla hujabonyeza nini kitakuwa cheusi na nini cheupe. Mwaka 1927 Mmarekani Ansel Adams alikuwa akipiga mwamba wa Half Dome huko Yosemite. Aliweka kioo chekundu mbele ya lenzi, anga la bluu likatoka karibu jeusi, na mwamba ukasimama peke yake. Leo kioo hicho kimo ndani ya simu yako.

Mwende wapi?

Anzeni na Kimondo cha Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ni donge lenye urefu wa kama mita 3, na takriban asilimia 90 yake ni chuma. Nendeni asubuhi au jioni, jua likiwa linapiga kwa ubavu, ndipo kila shimo kwenye ngozi yake linapata kivuli chake.

Reli ya TAZARA nayo haina mpinzani kwa mistari. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inavuka mpaka hapo hapo Tunduma. Simameni kando, si juu ya reli, mwache mistari ipeleke jicho mbali.

Mkiwa na siku nzima, shukeni bondeni hadi Ziwa Rukwa. Liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, chini sana ukilinganisha na mashamba ya kahawa ya Mbozi, na maji yake hayana mto wa kuyatoa. Pale anga na maji ndiyo picha yenyewe. Mtumbwi mmoja unatosha.

Angalizo: kituo cha forodha, askari, stesheni na madaraja si vya kupiga ovyo. Omba ruhusa kwanza. Na mtu si mandhari, naye aombwe.

Kupiga

Weka kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe kwenye kioo chake, lakini ihifadhi faili la RAW. Hivyo unaona bila rangi huku rangi zote zikibaki ndani, na utazihitaji baadaye. ISO iwe 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, na kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu au jiwe lililotulia. Punguza mwanga kidogo ili mawingu yasiungue, maana weupe uliopotea haurudi.

Mawingu mazuri huja na mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kiangazi kuna moshi na vumbi, lakini usinune: milima hujipanga safu kwa safu, kila moja ikiwa nyepesi kuliko iliyo mbele yake.

Kuhariri

Snapseed ni programu ya bure ya simu, na ina vichujio vya rangi. Chekundu kinatia giza anga la bluu na kupunguza ukungu. Cha kijani kinang'arisha majani ya kahawa. Cha bluu kinaongeza ukungu, kizuri kwa zile safu za milima. Kisha ng'arisha au tia giza sehemu moja moja, pole pole. Ukiona mstari mweupe umezunguka kilima, umezidisha, rudi nyuma.

Je, huko si kudanganya? Kuchagua kivuli kiwe kizito kiasi gani ni kazi ya mpiga picha. Kubandika mwezi ambao haukuwepo halafu kumwambia mwenzio uliuona, huo ni uongo.

Sasa zamu yenu wawili

Chagueni picha moja, kila mmoja aihariri peke yake bila kuchungulia. Mmoja atatia giza anga, mwingine atang'arisha kinjia ambacho mwenzake hata hakukiona. Msishindane. Ulizaneni tu: "Mbona hapa umepaacha giza?" Utashangaa majibu.

Mwenzio yuko mbali? Mtumie faili lenyewe kama dokumenti, maana WhatsApp ikilituma kama picha inalipunguza ubora. Alihariri, alirudishe. Atakuwa amekaa saa nzima akiitazama Tunduma yako, kilima baada ya kilima, na mkipigiana jioni mtakuwa na la kuongea zaidi ya vumbi na uhamisho. Iliyo bora ichapisheni nakala mbili: moja ukutani kwako, nyingine kwake.