Pengo kati ya Kujua na Kutenda: Uelewa na Mwenendo wa Wanafunzi wa Sayansi za Afya Wakati wa UVIKO-19 nchini Tanzania

Utangulizi

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na punde vyuo vikuu vikafungwa hadi tarehe 1 Juni. Miongoni mwa waliorejea vyuoni, wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia walikuwa katika nafasi ya pekee: waliishi mabwenini kama vijana wenzao, lakini mafunzo yao kwa vitendo yaliwapeleka wodini, karibu na wagonjwa. Makala haya yanafafanua kwa nini uelewa wa kundi hili haupaswi kuchukuliwa kuwa kipimo cha mwenendo wake.

Uelewa wenye ngazi

Ngazi ya kwanza ya uelewa ni taarifa: kisababishi cha ugonjwa, dalili zake na njia za kujikinga. Ngazi ya pili ni kuelewa taarifa hizo zinadai nini. Kwa mfano, kirusi hiki huweza kuambukizwa kabla dalili hazijajitokeza. Kwa hiyo anayejihadhari na wanaokohoa tu hajajikinga. Ngazi ya tatu ni kufuatana na maarifa yanayobadilika. Awali Shirika hilo lilielekeza barakoa zivaliwe hasa na wagonjwa na wanaowahudumia. Tarehe 5 Juni 2020, siku nne baada ya vyuo kufunguliwa, lilipanua mwongozo huo na kushauri barakoa za kitambaa kwa umma palipokuwa na maambukizi na umbali haukuwezekana. Jibu lililokuwa sahihi mwezi Machi halikutosha tena mwezi Juni.

Mwenendo na vizuizi vyake

Modeli ya Imani za Afya iliasisiwa Marekani katika miaka ya 1950, wataalamu walipotafuta sababu za watu wengi kutojitokeza kupimwa kifua kikuu bila malipo. Kwa mujibu wa modeli hiyo, mtu huchukua hatua anapojiona yu hatarini, anapoona ugonjwa ni mzito, na anapoamini kuwa manufaa ya hatua hiyo yanazidi vizuizi vyake.

Vigezo hivyo vinaangaza hali ya wanafunzi hao. Kwanza, walijua kuwa ugonjwa huwaelemea zaidi wazee na wenye maradhi sugu. Maarifa hayo sahihi yangeweza kumfanya kijana ajione salama. Pili, tangu mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za taifa za wagonjwa hazikutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja, hivyo kigezo cha kukadiria hatari kilipungua. Tatu, kuepuka msongamano hakutegemei utashi pekee katika chumba chenye vitanda vya ghorofa, kwenye foleni ya chakula au ndani ya daladala. Nne, wodini mwanafunzi yu chini ya wakubwa wake wa kazi. Si rahisi kwake kumkumbusha daktari bingwa avae barakoa.

Tatizo la upimaji

Hojaji humtaka mtafitiwa aeleze mwenendo wake mwenyewe. Mwanafunzi wa afya analijua jibu linalotarajiwa, kwa kuwa ndilo analofundishwa darasani. Kwa hiyo kadiri uelewa wake unavyopanda, ndivyo uwezekano wa kujibu kama inavyopasa, badala ya kama atendavyo, unavyoongezeka. Uwiano mkubwa kati ya alama za uelewa na za mwenendo waweza kuwa, kwa sehemu, zao la chombo cha utafiti. Uchunzaji wa moja kwa moja, maswali kuhusu siku mahususi, na kutenganisha mwenendo wa wodini na wa bwenini vingepunguza dosari hiyo.

Hitimisho

Elimu ni sharti la lazima la mwenendo salama, lakini haijitoshelezi. Chuo kinachoridhika na alama za mtihani huweza kumpeleka wodini mwanafunzi ajuaye kila kitu kuhusu kirusi na bado akawa njia ya kukieneza. Atakayelipa gharama ya pengo hilo ni mgonjwa aliyelazwa, ambaye hakuulizwa chochote katika hojaji.