Mbinu Fiche: Jibu Lililotulia na Jibu Sahihi

Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kiliingia tena katika angahewa kikiwa na mwendokasi wa kilomita 11 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 30 ya mwendokasi wa sauti. Hewa iliyogandamizwa mbele yake ilipata joto kali hata molekuli zake zikavunjika. Leo wahandisi hukokotoa hali kama hiyo kwa kompyuta, hatua kwa hatua za muda. Ugumu ni kwamba baadhi ya mabadiliko hutokea haraka mno kuliko safari yenyewe.

Tazama mfano mdogo. Tofauti ya halijoto, D, hubadilika kwa −3D kila sekunde. Mwanzoni D = 100. Tafuta D baada ya sekunde 1. Jibu halisi ni 4.98. Urefu wa hatua ni h.

(a) Mbinu ya wazi
D mpya = D ya zamani − 3h × D ya zamani
Kwa h = 1: 100 − 300 = −200. Ukiendelea utapata 400, kisha −800. Hesabu imeharibika.

(b) Mbinu fiche
D mpya = D ya zamani − 3h × D mpya
Kisichojulikana kiko pande zote mbili za mlinganyo. Kikusanye upande mmoja:
D mpya = D ya zamani ÷ (1 + 3h)

h = 1: 100 ÷ 4 = 25
h = 0.1: 100 ÷ 1.3¹⁰ = 7.25
h = 0.01: 100 ÷ 1.03¹⁰⁰ = 5.20

Kadiri h inavyopungua, jibu linakaribia 4.98.

Zingatia: Usichanganye utulivu na usahihi. Kwa h = 1 mbinu fiche haikuharibika, lakini 25 ni takribani mara 5 ya jibu halisi. Mhandisi akikosea hivyo, ngao ya joto inaweza kuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo yeye hupunguza hatua na kurudia hesabu mpaka jibu lisibadilike tena kwa kiasi cha maana. Katika hewa halisi milinganyo si rahisi hivi: ndani ya kila hatua kompyuta hukisia jibu, hupima kosa, kisha husahihisha, tena na tena.

Jipime: Tumia mbinu fiche kwa h = 0.5. Je, jibu liko kati ya 25 na 7.25?
Jibu: 100 ÷ 2.5² = 16. Ndiyo.