Roboti Anapoomba Radhi

Muhula uliopita katika maabara ya kemia mmoja wa kundi letu alivunja bureti, akanyamaza jii. Tulilipishwa sote. Kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na kazi ikadorora.

Nilikumbuka kisa hicho niliposoma juu ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliotolewa mwaka wa 2020. Watu 153 waligawanywa watatu watatu, yakapatikana makundi 51, na kila kundi likaongezewa roboti mdogo wa kukaa mezani. Kazi yao ilikuwa mchezo wa kujenga njia ya reli kwenye vishikwambi, raundi 30. Makosa hayakukosekana, na roboti naye alikosea.

Sasa hapa ndipo pana utamu. Katika baadhi ya makundi roboti alikiri kosa lake waziwazi, akaomba radhi, hata akatia mzaha kidogo. Katika mengine alitaja tu habari za mchezo, na kwingine hakusema kitu. Basi wale waliokuwa na roboti wa kukiri walizungumza wao kwa wao karibu maradufu, tena mazungumzo yao yaligawanyika kwa usawa zaidi kidogo. Akishatangulia mmoja kusema "nimekosa", wengine hupungukiwa na woga.

Utaniuliza, kwani roboti ana haya? Hana! Maneno yale alipangiwa na wataalamu. Ndiyo maana mimi nasema tusimwamini ovyo kwa sababu ya ulimi mtamu. Mwaka wa 2016, wataalamu wa Georgia Tech, huko huko Marekani, walijaza moshi wa majaribio katika jengo, roboti akawaongoza watu 26 kutoka nje. Wote walimfuata, ilhali nusu yao walikuwa wamemwona dakika chache kabla akipotea njia! Mlango walioingilia waliuacha. Kuzoeana na roboti ni jambo moja, kujua kama anaiweza kazi ni jambo jingine kabisa, na hilo hupimwa kwa kumtazama akifanya.

Nami kabla sijaweka kalamu chini: bureti ile niliivunja mimi. Wenzangu wa meza ya tatu, niwieni radhi. Pesa zenu nitazirudisha kidogo kidogo.