Oksijeni katika Maji ya Nyumba ya Mungu
Mito Kikuletwa na Ruvu hukutana kusini ya Moshi katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, na humo hutoka Mto Pangani. Maji yatuliapo bwawani, tabaka la chini huweza kupungukiwa oksijeni, kwani bakteria waozeshao majani huitumia. Maji hayo yakifunguliwa, samaki wengi wa mtoni hutaabika oksijeni ikiwa chini ya miligramu 5 kwa lita.

Tufanyeje? Pampu za hewa hula umeme, na mitambo ya hapa ni ya megawati 8 tu. Kuyaporomosha maji juu ya mawe ni rahisi, lakini huponya mto, si bwawa. Kuzuia mbolea ya mashambani, ikuzayo mwani uozao baadaye, huchelewa. Hata hivyo huondoa chanzo chenyewe. Apimaye apime alfajiri, kabla mimea haijarudisha oksijeni iliyotumika usiku.