«Bwana asifiwe» katika biro: maneno ya imani kati ya wafanyakazi wenzi

Katika biro nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, asubuhi haifunguliwi kwa «jambo» peke yake. Karani anapoingia husema «Bwana asifiwe!», na wenzake, hata wale ambao macho yao yamekwisha kuelekea karatasi, huitikia «Amina!». Akiulizwa habari ya nyumbani, hujibu kwamba wote ni wazima kwa neema ya Mungu. Akiulizwa kama faili itakamilika kesho, husema itakamilika Mungu akipenda. Hayo yote hupita kabla kazi haijaanza, wala hakuna aliyekusudia kuhubiri.

Desturi hii huzusha mabishano. Wapo wanaoona kwamba imani ni mali ya nyumba na kanisa, na kwamba kuitaja kazini ni kuwabana wenzi wasio wa dini ile. Wapo pia wanaosema kwamba mwenye kulificha jina la Mungu mbele ya wenzake anamwonea Mungu haya. Pande zote mbili zina kasoro moja: zinayahesabu maneno hayo yote kuwa ya namna moja. Mwanafunzi wa lugha akiyasikiliza kwa makini ataona kwamba yanatenda kazi mbalimbali, na kwamba uzito wake juu ya msikilizaji haulingani hata kidogo. Maneno yanayomlemea mwenzi ni yale yanayomdai jibu, na zaidi ya hayo ni yale yanayoshika mahali pa jibu alilostahili kupewa.

Inafaa kuanza na salamu. «Asifiwe» ni kitenzi «sifu» katika kauli ya kutendwa, chenye kiishio -e cha kutaka au kuomba. Mtenda hatajwi. Nani amsifu Bwana? Kisarufi nafasi ile ni tupu, na desturi humtaka msikilizaji aijaze. Sentensi nyingine ya kuomba vilevile, «Mungu akubariki», haifanyi hivyo: kinachoombwa kinamwendea msikilizaji mwenyewe, naye aweza kusema asante, kutabasamu, au kuendelea na shughuli zake bila kumkosea mtu. Lakini «Bwana asifiwe» ni nusu ya kwanza ya jozi. Anayenyamaza ameiacha jozi ikisimama kwa mguu mmoja, na kila mtu chumbani amesikia.

Hapo ndipo mwenzi aliye wa imani nyingine hujikuta katika shida ndogo lakini ya kila siku. Mwislamu aliyetoka Kasongo au Kindu, Mkatoliki asiyezoea salamu ile, na yule asiyekwenda ibada yoyote, wote wamewekewa mlango mmoja wa kupitia. Kwa bahati njema neno «amina» ni la wote. Mwislamu hulitamka kila anapomaliza Fatiha. Kwa hiyo wengi huitikia, na wanapoitikia wanamjibu mtu aliyewasalimu kuliko kuikiri dini yake. Bronislaw Malinowski, katika maandishi yake ya mwaka 1923, alikwisha kueleza kwamba kuna maneno ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu kuliko kupeleka habari. Salamu ya biro ni ya jamii hiyo. Hata hivyo maana ya maneno haifi kabisa ndani ya mazoea. Husinzia tu, na siku ya ugomvi huamka.

Huko Tanzania wasemaji wamepata njia nyingine. Mtu huchagua salamu kwa kumtazama anayesalimiwa: «Tumsifu Yesu Kristo» kwa Mkatoliki mwenzake, «Bwana Yesu asifiwe» kwa Mprotestanti au aliyeokoka, «Asalamu aleikum» kwa Mwislamu. Na mbele ya umati wa watu mchanganyiko, mhutubu huzipanga zote, moja baada ya nyingine, akingoja kila kundi liitikie, ndipo aanze maneno yake. Njia hiyo ni ndefu, na wengine huiona ya kisiasa mno. Lakini inakubali jambo ambalo salamu moja kwa wote hailikubali: kwamba waitikiaji si wamoja.

Jambo hubadilika kabisa nusu ya kwanza ya jozi inapotamkwa na mkuu wa kazi. Karani mwenzako akikushuhudia kwamba ameokoka, na kukualika kwenye maombi ya Jumatano, waweza kucheka naye na kumwambia «Utaniombea, mama». Kitenzi «nimeokoka», pamoja na kiambishi chake -me-, hutangaza jambo lililokwisha kutimia na lenye matokeo hadi sasa. Kwa kimya humuuliza msikilizaji kama naye amefika huko. Kati ya watu wa cheo kimoja, swali hilo laweza kupita. Sefu anapofungua mkutano kwa kusema «Tuombe», hakuna anayebaki na kalamu mkononi, na mfanyakazi mpya huangalia upesi jinsi wengine wanavyofumba macho. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaieleza Jamhuri kuwa nchi isiyofungamana na dini, na katika kifungu cha 22 inampa kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake, mbele ya watu au faraghani, pasipo kuvunja haki za wengine. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 nayo haikubali dini iwe sababu ya kumfukuza mtu. Lakini sheria hizo haziwezi kusikia toni ya sauti, wala kuhesabu mara ambazo jina la mtu fulani limesahauliwa kwa kuwa «si wa kwetu».

Katika Katanga mazungumzo ya imani kati ya wafanyakazi hayakuanza jana. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, posho, shule na kanisa pamoja, hata ikawa vigumu kusema mpaka kati ya kazi na dini ulipita wapi. Neno «bwana» lenyewe lilibeba mizigo miwili: lilikuwa jina la Mungu katika sala na jina la Mzungu msimamizi katika mgodi. Ni katika mitaa hiyo ya wafanyakazi, karibu na Kolwezi, katika miaka ya 1950, ndipo ilipozaliwa Jamaa, kutokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu. Wanajamaa walibaki ndani ya Kanisa Katoliki. Waliotaka kuwatambua waliwatambua zaidi kwa usemi wao: waliitana baba na mama, mapadri nao wakiwemo, na mazungumzo yao yalizunguka maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewachunguza kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1973 makala nzima juu ya neno «kazi» katika usemi wao. Kwa hiyo watumiaji wa Kiswahili mgodini walikwisha kuonyesha, kabla ya makanisa ya leo, kwamba dini yaweza kukaa katika namna ya kumwita mwenzi.

Kisha ukaja wakati wa kuitana kwa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi, majina ya Kikristo yalikatazwa, na wafanyakazi walitakiwa kuitana «citoyen» na «citoyenne», yaani raia. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali. Dini haikutoka katika mioyo ya watu, lakini ilitoka katika salamu za hadhara. Bironi mtu alijulikana kwa chama kimoja na jina la mababu. Utaratibu ule ulilegea baada ya hotuba ya rais ya tarehe 24 Aprili 1990. «Monsieur» akarudi pamoja na tai yake, makanisa ya uamsho yakaongezeka mitaani, na mahali ambapo «citoyen» alikuwa amekaa pakabaki wazi. «Ndugu» na «Bwana asifiwe» wakapakalia.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyouvunja mshahara. Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliyokuwa ikitoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Fedha ilipoteza thamani, watu walifanya kazi miezi na miezi bila malipo, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ile waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Haifai kusema kwamba watu walimtaja Mungu kwa sababu ya njaa. Wengi walimtaja kabla, na wengi wanamtaja leo wakiwa wameshiba. Lakini ni katika hali ile ndipo msemo mmoja, «Mungu akipenda», ulipopata matumizi ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyapita kimya.

Kwa asili msemo huo ni wa unyenyekevu. «Inshallah», iliyotoka Kiarabu, ina maana ileile, nayo imezoeleka katika Kiswahili hata Mkristo huitumia bila kujiuliza. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kueleza sharti hupenda «kama» kuliko kiambishi -ki-, «Mungu akipenda» hubaki kama kipande kilichoganda, kisichoguswa na mabadiliko ya sarufi iliyo karibu nacho. Mafundisho yaliyo nyuma yake ni ya dini zote mbili. Waraka wa Yakobo, katika sura ya 4, huwaonya wafanyabiashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima bila kukumbuka mapenzi ya Bwana. Sura ya 18 ya Kurani, iitwayo Kahf, katika aya ya 23 na ya 24, humkataza mtu kusema atatenda jambo kesho bila kuongeza sharti hilo. Inafaa kutazama vizuri yale ambayo maandiko hayo mawili yanayachukua kuwa yapo tayari. Msafiri wa Yakobo amekwisha kuchagua mji na muda. Anayeonywa katika Kahf amekwisha kusema atafanya nini, na lini. Sharti la Mungu linawekwa juu ya ahadi iliyo kamili.

Sasa yasikilizwe majibu mawili ya mhasibu kwa mfanyakazi anayeuliza juu ya mshahara wa miezi miwili. La kwanza: «Papa, nitakulipa Ijumaa, Mungu akipenda.» La pili: «Papa, tutaona, Mungu akipenda.» Katika jibu la kwanza kuna mtenda, kuna kitendo, kuna siku. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilitolewa katika kitabu mwaka 1962, alieleza kwamba kuahidi ni kutenda jambo kwa maneno. Mhasibu huyo ametenda. Ijumaa ikifika bila fedha, mfanyakazi aweza kumrudia na kumuuliza kilichotokea, na jina la Mungu halitamzuia, kwa maana lilitajwa juu ya yale yasiyo katika uwezo wa mhasibu: ugonjwa, benki, mvua.

Katika jibu la pili hakuna mtenda wala siku. Sharti limebaki peke yake, bila kitu cha kuwekewa sharti. Tena limemfunga mdomo aliyeuliza. Kuuliza mara ya pili ni kama kuyashuku mapenzi ya Mungu mbele ya watu, na katika biro ambamo wote wamekwisha kuitikia «Amina» asubuhi, ni nani atakayefanya hivyo? Deni limehamishwa kutoka kwa mwajiri hadi mahali ambapo hakuna sekretarieti ya kupokea malalamiko. Mhasibu huenda ni mcha Mungu wa kweli, na huenda yeye pia hajalipwa. Lugha haisomi moyo. Inaonyesha tu kwamba neno la imani limeketi katika kiti cha tarehe.

Mfanyakazi naye ana msemo wake. Akiulizwa anaishije bila mshahara, husema «Mungu anasaidia», au «Tunaishi kwa neema». Wengine hucheka na kutaja «kifungu cha 15», ile sheria isiyoandikwa ya Wakongo inayomwamuru kila mtu ajitafutie. Kwa sura, misemo hiyo yafanana na ya mhasibu. Kwa kazi yake ni kinyume chake, kwa sababu haifichi habari bali inaitoa: inasema wazi, kwa anayejua kusikia, kwamba kinachomlisha mtu huyu na watoto wake si kampuni. Mkuu wa kazi anayeupokea msemo ule kwa «Amina» tu, akapita, ameitikia salamu ambayo haikuwa salamu.

Ndiyo sababu mabishano juu ya kuitaja imani kazini hayawezi kukatwa kwa kuhesabu ni mara ngapi jina la Mungu limesikika kati ya saa ya kufungua na saa ya kufunga. Wanafunzi wanaokusanya mifano ya mazungumzo ya namna hii watafanya vema kuandika, pamoja na msemo wenyewe, aliyeutamka, cheo chake, swali lililoutangulia, na jibu lililofuata, hata kama jibu hilo lilikuwa kimya.